Ufahamu tunaupima, nani anaufundisha?

Soma kifungu kifuatacho, kisha jibu maswali yanayofuata.

Mzefu mmoja aliudwefua mgweso kando ya kivwesa. Mgweso ulipozwika, wazefu wote wakachwendeka.

Ni nani aliyeudwefua mgweso? Mgweso ulidwefuliwa wapi? Wazefu walifanya nini mgweso ulipozwika?

Umepata tatu kwa tatu, sina shaka. Mzefu mmoja, kando ya kivwesa, walichwendeka. Usihangaike kufungua kamusi, maneno hayo nimeyatunga mwenyewe. Viambishi tu na vijineno vichache ndivyo vya kweli, na vimekufanyia kazi yote: m- na wa- vimekupa mtendaji, -li- imekupa wakati, "kando ya" imekupa mahali. Mwalimu angekupigia vema tatu kwa wino mwekundu, mzazi angesaini daftari, na mpaka sasa hujui kama mzefu ni mnyama, ni mhunzi au ni jirani yako.

Walimu wa lugha katika nchi nyingi wana michezo ya namna hii, na huwa inachekesha hadi mtu akumbuke kwamba sehemu kubwa ya maswali ya ufahamu tunayowapa watoto wa darasa la sita, la saba na kidato cha kwanza inajibika kwa njia hiyo hiyo. Mtoto hutafuta sentensi yenye maneno ya swali, akainakili. Anafaulu. Kisha anafika kidato cha pili, anapewa kitabu cha historia au baiolojia, na hapo ndipo tunapoanza kulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawapendi kusoma.

Jambo hili limeanikwa wazi Afrika Kusini kuliko pengine popote barani. Mei 2023 nchi hiyo ilipokea matokeo ya PIRLS ya 2021, upimaji wa kimataifa wa usomaji kwa watoto wa darasa la nne. Watoto 81 katika kila 100 hawakuweza kusoma wakaelewa, na walipimwa kwa lugha walizofundishiwa tangu darasa la kwanza, si kwa lugha ya kigeni ya kushtukizwa. Mwaka 2016 walikuwa 78. Wastani wa taifa ulishuka kutoka alama 320 hadi 288, ilhali ngazi ya chini kabisa ya kipimo hicho inaanzia alama 400. Covid ilichangia, lakini ile 78 ilikuwapo kabla ya barakoa. Na Rais Cyril Ramaphosa alikuwa ameshaahidi bungeni, Juni 2019, kwamba ndani ya muongo mmoja kila mtoto wa miaka 10 angeweza kusoma na kuelewa.

Watoto wale wa darasa la nne la 2021 ndio waliofika darasa la nane mwaka 2025, kama hawakurudia njiani. Wako kwenye umri ambao hauna mwenyewe. Mwalimu wa madarasa ya chini anasema alishawafundisha kusoma, huku mwalimu wa sekondari akisema yeye si wa kufundisha kusoma, yeye ni wa jiografia.

Ndiyo maana nataka tutembee kidogo Newtown, mtaa wa Johannesburg, tuone ufahamu unavyoweza kufundishwa.

Mtaa uliojaa maandishi

Ukitoka Braamfontein ukavuka Daraja la Nelson Mandela, lililofunguliwa 2003 juu ya msitu wa reli za Johannesburg, unateremkia Newtown. Zamani palikuwa pa wafyatua matofali. Mwaka 1904 tauni ilipozuka katika makazi ya Wahindi na Waafrika yaliyosongamana hapo, wakuu wa jiji waliyateketeza kwa moto na kupima mtaa mpya wa maghala na masoko. Wakili kijana aliyekuwa miongoni mwa waliowauguza wagonjwa siku hizo aliitwa Mohandas Gandhi.

Leo masoko hayo yamegeuka nyumba za sanaa. Jengo la soko la mwaka 1913 ni Makumbusho ya Afrika. Soko la matunda la Wahindi ni ukumbi wa Market Theatre. Karakana ya umeme ni kituo cha sayansi cha Sci-Bono, kinachopokea wanafunzi wa jimbo la Gauteng tangu 2004. Uwanja ulio katikati una jina la Mary Fitzgerald, mwanamke wa vyama vya wafanyakazi aliyeongoza migomo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ndani ya kipande hiki kidogo cha mji, mwalimu mwenye wanafunzi arobaini na nauli ya daladala ana kila anachohitaji kufundishia ufahamu, na nusu yake ni bure.

Chukua kibao cha barabara. Mojawapo ya barabara za Newtown inaitwa Henry Nxumalo. Mtoto wa huko wa darasa la saba atakisoma hicho kidoko cha "Nx" bila taabu, maana ulimi wake umezaliwa nacho. Wewe na mimi ndio tutakaoumauma meno. Swali la kunakili linauliza: barabara hii inaitwaje? Swali la ufahamu linauliza: kwa nini jiji liipe barabara jina la mwandishi wa habari, wakati wenye majina barabarani kwa kawaida ni marais na majenerali? Ili kulijibu, mtoto lazima ajue kwamba mwaka 1952 Nxumalo aliandika katika jarida la Drum juu ya mateso ya vibarua wa mashamba ya viazi ya Bethal. Lazima ajue kwamba baadaye alijikamatisha kwa makusudi ili aandike yaliyomo ndani ya gereza la Johannesburg, na kwamba mwishoni mwa 1956 aliuawa kwa visu akiwa katika uchunguzi mwingine. Akishayajua hayo, kibao kinabadilika mbele ya macho yake, ingawa herufi ni zile zile.

Hatua chache kutoka hapo kuna Makumbusho ya Wafanyakazi. Ni bweni la vibarua wa manispaa, lililojengwa mwanzoni mwa karne iliyopita kwa ajili ya wanaume Waafrika waliotoka vijijini kuja kuwasha umeme na kuzoa taka za jiji. Vitanda ni vya zege, vimepangwa juu kwa chini. Kipo chumba cha kufungia wakosaji. Kando yake zipo nyumba za mafundi wa Kizungu, zenye vyumba vya familia. Sasa rudi kwenye kitabu cha historia cha darasa la nane ukute sentensi kama hii: "Wafanyakazi wahamiaji waliishi katika mabweni, mbali na familia zao." Ni sentensi nyepesi, haina neno hata moja la kutafuta maana. Mtoto anayejua bweni kuwa mahali wanapolala dada zake wa shule ya bweni, pamoja na sanduku la bati na ratiba ya chai, ataielewa kinyume kabisa, na hakuna atakayemgundua, kwa sababu swali chini ya habari litakuwa: Wafanyakazi wahamiaji waliishi wapi?

Walimu wengi wa lugha wanaliruka jambo hili. Tunadhani ufahamu ni ufundi mmoja, kama kuendesha baiskeli, kwamba ukishaujua unakwenda nao katika barabara yoyote. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie, waliwachukua wanafunzi 64 wa darasa la saba na la nane wakawapa habari ya mchezo mmoja wa besiboli. Baadhi yao walikuwa wasomaji wazuri na baadhi dhaifu, na katika kila kundi walikuwamo wanaoijua besiboli na wasioijua. Wasomaji dhaifu wanaoujua mchezo waliwapita mbali wasomaji wazuri wasioujua. Nadhani hapa kwetu hatuhitaji hata maabara. Mpe kijana wa Kariakoo anayeburuza mkia katika mtihani wa Kiswahili ukurasa wa gazeti juu ya pambano la Simba na Yanga, umuulize kwa nini kocha alimtoa kiungo dakika ya 60. Atakufafanulia na yale ambayo mwandishi hakuyaandika.

Jambo moja katika utafiti ule hutajwa mara chache, nami naliona ndilo zito zaidi. Watoto hawakuandika majibu tu. Waliwekewa uwanja mdogo wenye vijisanamu vya mbao, wakaambiwa waonyeshe kwa kuvisogeza kilichotokea katika habari waliyosoma. Aliyeelewa alijua nani akimbie wapi. Asiyeelewa alikuwa ameshika kijisanamu hewani.

Kitabu kinapopanda jukwaani

Na Newtown ina jukwaa. Market Theatre ilifunguliwa na Barney Simon na Mannie Manim mwezi Juni 1976, siku chache baada ya polisi kuwapiga risasi wanafunzi wa Soweto. Tunakumbuka maandamano ya tarehe 16 kama ya wanafunzi wakubwa wa sekondari, lakini mgomo ulianza wiki kadhaa kabla katika shule ya sekondari ya chini huko Orlando West, kwa watoto wa umri huu huu tunaouzungumzia. Walikuwa wameamriwa kusoma masomo kama hisabati kwa Kiafrikana. Watoto wale waligundua mapema kuliko wataalamu wengi kwamba unaweza kumlazimisha mtu kutamka, si kuelewa.

Katika ukumbi huo, mwaka 1989, Athol Fugard alionyesha kwa mara ya kwanza My Children! My Africa!, mchezo wenye watu watatu tu: mwalimu mzee aliyechezwa na John Kani, mwanafunzi wake Mwafrika, na msichana wa shule ya Wazungu. Vijana hao wawili wanajiandaa kwa mashindano ya maswali ya fasihi ya Kiingereza huku mitaa ikiwaka. Baadaye mchezo huo umekuwa kitabu cha kiada cha darasa la 12. Mwanafunzi anayeusoma darasani anaweza kukariri dhamira zake zote, akazipanga moja hadi tano kama tunavyopenda kupanga dhamira, asijue kwamba mwalimu yule anawapenda watoto hao na wakati huo huo anawapoteza. Mpe dakika kumi mbele ya darasa, ashike nafasi ya mwalimu, aamue aseme sentensi fulani kwa hasira au kwa kuomba. Hawezi kuamua bila kuelewa. Na akikosea, wenzake watamwambia: hapana, hapo hakasiriki, hapo anaogopa. Hilo ni somo la ufahamu kuliko maswali kumi ya "taja" na "orodhesha".

Shule isiyo na ukumbi wa maigizo haijakosa kitu. Tuseme kitabu cha darasa la sita kina maneno haya:

Bi Zuhura alipofika bandarini, boti ya mwisho ilikuwa imeshang'oa nanga. Akakitua kikapu chake cha samaki, akatazama jua, kisha akaanza kuhesabu hela zake upya.

Mwalimu wa kawaida, nami simlaumu kwa sababu ana watoto 90 na silabasi ya kumaliza, atauliza: Bi Zuhura alibeba nini? Boti ilikuwa imefanya nini? Kumbe uhai wote wa kifungu umo katika mambo mawili yasiyoandikwa. Kwa nini alitazama jua? Kwa nini alihesabu hela alizokwisha kuzihesabu? Mtoto wa pwani ya Nungwi atajibu kabla hujamaliza: samaki wataoza, na itabidi anunue barafu au awauze palepale kwa hasara. Mtoto aliyekulia Kondoa, mbali na bahari, huenda akasema alitazama jua ili ajue saa. Si mjinga huyo. Hajawahi kunusa kikapu cha samaki saa tisa alasiri. Mwambie, mwonyeshe, ataelewa. Usipomwambia utampiga alama ya kosa, naye atajifunza kwamba kusoma ni kubahatisha kilicho kichwani mwa mwalimu.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya kupima na kufundisha. Miaka ya 1970 mtafiti Dolores Durkin aliingia katika madarasa ya Marekani kutazama jinsi ufahamu unavyofundishwa. Katika dakika 4,469 za vipindi vya kusoma vya darasa la nne alizozishuhudia, dakika zilizotumika kuwafundisha watoto namna ya kuelewa zilikuwa 20. Muda mwingi uliobaki ulikwenda katika kuuliza maswali na kugawa karatasi za mazoezi. Nina hakika mtu akiingia na saa katika madarasa yetu hatatoka na dakika nyingi zaidi ya hizo.

Kufundisha kwenyewe si siri. Mwaka 1984 Annemarie Palincsar na Ann Brown walifanya kazi na wanafunzi wa darasa la saba waliokuwa wakisoma kwa ufasaha bila kuelewa, kundi lile lile la wale "wanaosoma vizuri" tunaowasimamisha mstarini siku ya wazazi. Waliwaweka katika vikundi vidogo na kuwapa zamu za kuwa mwalimu. Mwenye zamu alisema kwa ufupi kilichosomwa, akauliza swali lake mwenyewe, akataja palipomtatiza, akakisia kinachofuata. Mwanzoni mwalimu wa kweli alifanya mwenyewe kwa sauti, watoto wakimsikia anavyokwama na kujikwamua. Kidogo kidogo akawaachia. Katika muda wa wiki chache alama zao zilipanda sana, na faida ikaonekana hata katika masomo mengine.

Naona la maana pale ni lile la kukwama kwa sauti. Mtoto wa miaka 13 anaamini kuwa mtu mzima anaposoma maana inamjia yenyewe. Hajawahi kumsikia mwalimu akisema: "Ngojeni, hapa sijaelewa, 'aliwaacha' hapa ni nani na nani? Narudi juu kidogo." Mtaala wa Afrika Kusini unaelekeza kazi za kabla ya kusoma, wakati wa kusoma na baada ya kusoma, na mitaala yetu nayo haijambo kwa maneno mazuri. Tatizo ni kwamba karatasi ya mwisho haimuulizi mtoto alikwama wapi, na mwalimu mwenye akili timamu hufundisha kinachoulizwa kwenye pepa.

Lugha nayo

Haiwezekani kuandika juu ya ufahamu kusini au mashariki mwa Afrika ukaikwepa lugha. Mtoto wa Johannesburg husoma kwa Kizulu, Kisotho au lugha nyingine ya nyumbani hadi darasa la tatu, na kwa miaka mingi darasa la nne lilimhamishia kwenye Kiingereza ghafla. Mwaka 2025 serikali ilianza kuruhusu lugha hizo ziendelee kutumika pamoja na Kiingereza kuanzia darasa la nne. Mtoto wa Tanzania anapewa miaka saba ya Kiswahili, halafu daraja linakatika mlangoni mwa kidato cha kwanza, pale pale ambapo vitabu vinakuwa vigumu. Tangu 2002 mradi wa LOITASA, uliowahusisha wasomi wa Tanzania na Afrika Kusini akiwamo Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulilinganisha madarasa yaliyofundishwa kwa lugha ya watoto na yale ya Kiingereza katika nchi zote mbili. Pande zote mbili lugha ya watoto iliwafungua vinywa na vichwa. Sera ikabaki ilivyo. Katika hili Afrika Kusini, pamoja na asilimia zake za aibu, angalau imejongea.

(Serikali hiyo hiyo ya Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2018 kwamba Kiswahili kingekuwa somo la hiari katika shule zake kuanzia 2020. Tulishangilia sana. Tungeshangilia kwa haki zaidi kama nasi tungekitumia kufundishia sekondari.)

Lakini lugha peke yake haitatuokoa, na hapa natofautiana na wenzangu wengi. Wale watoto 81 katika kila 100 wa PIRLS walipimwa kwa lugha za mwanzo za shule. Kifungu cha wazefu mwanzoni mwa makala haya kilikuwa na sarufi safi ya Kiswahili. Mtoto hukosa kuelewa kwa kukosa lugha, kwa kukosa ujuzi wa dunia, na kwa kukosa mtu wa kumwonyesha namna ya kufikiri akiwa na kitabu mkononi. Ukiziba tundu moja kati ya hayo matatu, mawili yataendelea kuvuja.

Vitabu vyenyewe pia vinahitaji mlango ulio wazi. Maktaba kuu ya Johannesburg, jengo la 1935 lililo jirani na Newtown, ilikaa imefungwa kwa miaka kadhaa kwa hofu ya usalama wa moto hadi wananchi walipoandamana; ilifunguliwa tena 2025. Nasi tuulizane maktaba zetu za mikoa hufungwa saa ngapi, na kama mwanafunzi anayetoka shule saa kumi huikuta hata moja iko wazi.

Kwa walimu wa darasa la tano hadi kidato cha pili nina ombi ambalo halina gharama. Dar es Salaam ina Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ina Soko la Kariakoo lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975, juu ya ardhi iliyowahi kuwa kambi ya wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Kila mji wetu una vibao vyake. Chukueni kipindi kimoja kati ya vile vya wiki, mkifute kwenye orodha ya maswali na majibu. Someni aya moja tu, pamoja, kwa sauti, mwalimu akwame mbele ya wanafunzi wake na kujikwamua, mtoto mmoja aulize swali ambalo jibu lake halijaandikwa popote katika aya, wengine wabishane. Na wakaguzi wa elimu watakapopita wakakuta daftari halina vema nyingi wiki hiyo, wamwache mwalimu huyo aendelee.